Fisi na Vinavyoanguka Chini ya Nyaya

Paukwa!
Pakawa!
Watoto mpo?
Tupo!
Na wakubwa wenu?
Tupo pia!
Basi sogeeni karibu. Msikilize vizuri. Kuna kitu kinavuma.

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na mji wao, jina lake Nguzoni. Katikati ya mji zilisimama nguzo. Juu ya nguzo zilipita nyaya. Nyaya zilileta taa, na taa zilipendwa na wote. Lakini nyaya zilivuma. Asubuhi vuuuu. Adhuhuri vuuuu. Aliyesimama chini yake kwa muda alianza kusikia jina lake likiitwa.

Katika mji huo aliishi Mama Mbega na bintiye, Tunu. Mbega ni mnyama wa matawini, ardhini hajui kukimbia. Nao wanyama walikuwa wamekata miti ya katikati ya mji ili wasimamishe nguzo. Kufika kwenye mkuyu wenye chakula, njia ilikuwa moja tu: juu, kuruka nguzo hadi nguzo, kando ya nyaya. Baba yake Tunu alipita hapo, akagusa waya. Cha! Akaanguka. Tih!

"Mama," alisema Tunu, "zinaniita."

"Usiitike."

"Zinaita kwa sauti ya baba."

"Ndiyo maana nakwambia usiitike."

Mama Mbega akaenda kwenye baraza la mji. Meya alikuwa Kiboko.

"Mheshimiwa Meya, zikeni nyaya. Chimbeni mtaro, mzilaze chini, nguzo mtuachie. Taa zitawaka vilevile, na mtoto wangu atakula bila kufa."

"Neno zuri," alisema Kiboko. "Ila Mhanga, mchimbaji wetu, hachimbi bure. Nani atamlipa?"

"Kila nyumba itoe debe la mtama kila mavuno," alisema Pundamilia.

"Kila nyumba?" Kobe alitoa kichwa. "Nyumba yangu naibeba mgongoni. Nyaya zanihusu nini? Alipe Twiga, shingo yake ndiyo inayozifikia."

"Shingo nimezaliwa nayo!" Twiga akafoka. "Kwani niliinunua dukani?"

Wakabishana, wakabishana. Ndipo akasimama Fisi. Alikuwa amejipaka marashi. Chini ya marashi kulikuwa na harufu nyingine.

"Ndugu zangu, nitalipa mimi. Mtaro wote, toka nguzo ya kwanza hadi ya mwisho."

Sasa, Nguzoni walikuwa na desturi. Mtu akitangaza mchango, hupigiwa makofi papo hapo. Masharti husikilizwa baadaye. Na makofi yakishapigwa, hayarudishwi.

"Makofi ya kilo kwa Bwana Fisi!" akaita Kiboko.

Pa-pa-pa! Pa-pa-pa! Pa! Mama Mbega naye alipiga, tena kwa nguvu kuliko wote.

Fisi akainama. "Asanteni. Sharti langu ni dogo. Mtama wenu siutaki. Hadi nyaya zitakapozikwa, chochote kitakachoanguka chini yake ni changu."

Mama Mbega akaitazama mikono yake iliyopiga makofi.

Wapwa wa Fisi wakaanza kuchimba. Mchana ku, ku, ku. Asubuhi udongo umerudi, na hakuna hata alama ya mguu. Wakachimba tena, udongo ukarudi tena. Kilichobaki wazi ni shimo fupi, lenye urefu wa mwili mmoja. Na nyaya zilikuwa zimelegea. Zilining'inia chini kuliko zamani, zikivuma zaidi. Akaanguka Komba. Akaanguka Bundi. Fisi aliketi chini ya nyaya juu ya kigoda, kitambaa shingoni.

"Habari za asubuhi, Mama Mbega. Kazi inaendelea. Tunu hajambo? Naona ananenepa."

Mama Mbega akakimbilia kwa Kiboko. "Mheshimiwa, anakula tunapoanguka. Atazika nyaya lini?"

Kiboko hakumtazama. "Tulishapiga makofi, mama."

Njaa ikazidi. Siku moja mchana Mama Mbega alisinzia. Nyaya zikavuma, vuuuu. Tuuuunu.

"Abee, baba!" Tunu akaitika. Akaruka.

Cha! Tih!

Mama Mbega aliteremka, akajikokota mavumbini hadi alipomfikia. Mtoto alikuwa anapumua. Fisi alikuwa ameshasimama.

"Lete."

"Yu hai!"

"Sikusema kilichokufa. Nilisema kilichoanguka."

Mji mzima ukakusanyika. Kiboko akakohoa. "Mama, ni vigumu. Makofi..."

"Hayarudishwi, najua. Na mimi nilipiga." Mama Mbega akamlaza Tunu mbele yao. "Basi pigeni tena. Pigeni mkimtazama."

Kiboko akainua mikono. Tunu akafumbua jicho moja, akamtazama. Mikono ya Kiboko ikabaki hewani, haikukutana. Pundamilia aliangalia kwato zake. Nyaya zilivuma, vuuuu, na hapakusikika hata pa moja.

Fisi akacheka. Akacheka peke yake, hadi kicheko kikamwishia mdomoni.

"Pundamilia," alisema Kobe taratibu, "ulisema debe moja?"

"Debe moja."

Kobe akageuka, akaenda. Mnajua mwendo wake. Wote walisimama wakimngoja, wamemzunguka Tunu, na Fisi hakupata pa kupita. Kobe akarudi na debe lake. Twiga akaleta lake. Kiboko akaleta lake, akatazama chini. Mhanga akachimba, na udongo haukurudi tena.

Tunu alipona. Mguu mmoja tu aliuburuta hadi uzeeni. Nyaya zikalala ardhini, taa zikawaka. Na Fisi? Wapitao hapo humwona bado, ameinama, sikio lake chini, akisikiliza.

Wanangu, na nyinyi wakubwa: anayeshiba kwa msiba wenu msimpe kazi ya kuumaliza. Lililo la wote lilipieni wote, na sikilizeni sharti kabla ya kupiga makofi.

Ngano yangu imekomea hapo. Haya, inukeni mwende kulala, na msinipigie makofi.