Mkate wa Mundhiri na Foleni ya Kaisani

Wametusimulia waliopokea kwa waliotangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu wote, kwamba katika mji wa Telhaya, upande wa Shamu, aliishi mwoka mikate aliyeitwa Haji Mundhiri bin Ruzaiki. Alikuwa mtu wa safu ya kwanza msikitini, mpole wa maneno, mpana wa mikono. Na mikono hiyo ndiyo iliyokuwa mizani yake: akimega donge la unga bila hata kulitazama, linatoka sawasawa na mwenzake. Watu wa mji walikuwa wakisema, "Mkate wa Haji haulidanganyi tumbo."

Basi mwaka huo ngano ikaadimika. Bei ya gunia ikapanda, ikapumua kidogo, ikapanda tena. Ukimuuliza mwenye ghala, anamtaja mwenye ngamia. Mwenye ngamia anamtaja mkulima. Mkulima anatazama mbinguni. Mchezo huo mnaujua, ndugu zangu, haukuanza juzi.

Haji Mundhiri akamwendea mkewe, Bi Lubaba, aliyekuwa akimkandia unga. "Nipandishe bei au nipunguze mkate?"

"Pandisha bei," akasema Bi Lubaba. "Ukipandisha bei, mtu atakunung'unikia mbele yako. Ukipunguza mkate, atakunung'unikia mbele ya Mola wako."

Akapandisha.

Ng'ambo ya kichochoro palikuwa na mwoka mikate mwingine, Kaisani bin Dahmi, kijana mwenye kilemba kirefu na ulimi mrefu zaidi. Huyu hakupandisha kitu. Alisimama mlangoni akinadi, "Bei ni ile ile, jamaa, bei ya raha, ofa ya waja wa Mungu!" Na kweli bei ilikuwa ile ile. Mkate ndio haukuwa ule ule. Alipunguza unga, akatia pumba, akazidisha hamira mpaka mkate ukavimba kama shavu la mpiga zumari. Ukiuminya, unapumua. Nusu chakula, nusu upepo, kama zile pakiti za vibanzi tunazouziwa siku hizi, zimefura na ndani mna vibanzi vya kuhesabika. Na watu, subhana-llah, wakaacha mkate wakafuata bei. Foleni ya Kaisani ikatoka mlangoni pake ikafika hadi birika la kunyweshea ngamia.

Hapo ndipo husuda ilipobisha hodi kwa Haji Mundhiri, naye akaifungulia. Imamu akipiga takbira, moyo wa Haji unavuka kichochoro. Akirukuu, anaiona foleni. Alikuwa akiwatambua mmoja mmoja: yule nilimpa mkate bure alipougua, yule nilisimamia harusi yake, na yule, angalia alivyo hana haya, ni shemeji yangu.

Siku moja hakustahimili. Akamwita Ghailani, fundi viatu, mteja wake wa miaka mingi, aliyekuwa amepanga foleni upande wa pili. "Ya Ghailani, hata salamu?"

"Salamu ipo, Haji. Ila mkate wako siku hizi ni wa wakubwa."

"Chukua mikate miwili ya Kaisani, uiweke kwenye mizani na mmoja wangu. Utaona."

"Mimi sili mizani, Haji. Mimi nakula mkate."

Foleni ikacheka. Kaisani naye akadakia kutoka mlangoni pake: "Haji, leo umefungua duka au umefungua darsa? Maana nakuona peke yako na tasbihi."

Haji Mundhiri akafunga duka, akaenda moja kwa moja kwa Shekhe Wahbi, muhtasibu wa soko, aliyekabidhiwa vipimo vya mji mzima. Akamshitaki Kaisani kwa kupunja. Haki ilikuwa upande wake, hilo halina ubishi. Lakini si haki iliyomtoa dukani.

Ilikuwa desturi ya soko la Telhaya kwamba mwoka mikate akimshitaki mwenzake, mkate wa mshitaki hupimwa kwanza, ili asije mwizi akamkamata mwizi. Na anayepatikana amepunja hupandishwa punda akiwa na mikate yake shingoni, akazungushwa mitaani. Shekhe Wahbi akasema, "Nimekusikia, Haji. Nina safari ya kukagua maghala ya vijijini. Nikirudi nitakuja na mizani."

Shekhe akachelewa. Mikate ya Haji ikalala rafuni mpaka ikawa ya kugawia mbuzi. Kaisani akajenga tanuri la pili. Ndipo Haji akajiambia, "Kama wanataka upepo, wallahi nitawauzia upepo." Akarudisha bei ya zamani, akaingia kwenye unga.

Mkono ukakataa. Kila akimega kidogo, kinatoka kile kile cha miaka yote. Akamega tena, kikatoka kile kile. Mwishowe akachukua bakuli dogo la kahawa, akawa anachotea unga.

Bi Lubaba akauliza, "Bakuli hilo linafanya nini hapa?"

"Linaufundisha mkono."

Bi Lubaba akaivua nguo yake ya kukandia, akaikunja, akaenda nyumbani.

Asubuhi hiyo watu walirudi. Ghailani alikuwa wa kwanza. Haji akataka kusema alhamdulillahi, ulimi ukagoma. Kabla ya adhuhuri, watu wakapisha njia: Shekhe Wahbi amefika, na mizani yake, na punda nyuma yake.

"Desturi inasema mshitaki atangulie," akatangaza Shekhe. "Lakini mkate wa Haji huyu nimeula tangu sina ndevu. Kuupima ni kumvunjia heshima. Twendeni kwa Kaisani."

Umati ukageuka. Haji Mundhiri akamwona Kaisani mlangoni pake, kilemba kimekaa upande, midomo imekauka. Akaonja utamu moyoni. Na utamu huo ulimtisha, kwa maana haukuwahi kumjia kwa sala yoyote aliyosali, wala saumu yoyote aliyofunga.

"Shekhe," akasema. "Pima wangu."

"Hakuna haja, Haji."

"Pima, Mungu akuongoze. Wa leo si ule unaoujua."

Ukawekwa mkate kwenye mizani. Kitanga chake kikaruka juu kama kimepigwa teke. Soko likacheka, na kicheko cha soko hakina huruma. Ghailani akautazama mkate mkononi mwake. "Kumbe na wewe, Haji," akasema, wala yeye hakucheka.

Ukapimwa wa Kaisani, nao ukaruka. Punda wa adhabu alikuwa mmoja, basi wakapandishwa wote wawili, mgongo kwa mgongo, kila mmoja na shada lake la mikate, wakaanza kuzungushwa.

Walipofika mtaa wa wasuka mikeka, Kaisani akauliza kwa sauti ya chini, "Ya Haji, wewe ulikuwa umeshapona. Ulitaka nini?"

"Nilikuonea wivu mpaka nikawa wewe," akasema Haji Mundhiri. "Sikutaka kufa hivyo."

Punda akapinda kona nyingine.

"Mama yangu hali mkate wangu," akasema Kaisani. "Tangu nianze kupunguza, humtuma jirani kwako, ananunua kwa bei yako, anakuja nao chini ya ushungi ili nisione. Mimi ndiye mwenye foleni, Haji. Na kila nikiona makombo ya mkate wako kwenye mkeka wa mama yangu, nilikuwa namwomba Mungu tanuri lako lizimike."

 Haji Mundhiri akapapasa nyuma yake, akashika mkono wa Kaisani, na hivyo ndivyo walivyomaliza mji.

Waliopokea hawakututajia kama wateja walirudi. Walichotaja ni kwamba kesho yake Haji alipandisha bei, na Bi Lubaba akaonekana akikanda.

Nasi, ndugu zangu, sabuni zetu zimekonda, mikate yetu imekonda, bei zimenenepa, na kulalamika ni haki yetu, tulalamike sana. Lakini tunapomwita muhtasibu, kila mmoja aulize moyo wake unangoja kuona nini: mkate umejaa, au jirani juu ya punda.