Shimo Lenye Wenyewe Wawili

Mwaka ule ukame ulikausha ardhi hadi hakuna mnyama aliyeweza kuchimba shimo jipya. Mama Nungunungu hakujali. Alizaliwa katika shimo la kichuguuni, na wanawe akawazalia humo humo.

Kisha akaja Ngiri na watoto wake, makovu mwili mzima, wamefukuzwa na simba huko mbali. Akadai kwamba shimo lile lilichimbwa na bibi yake, na kwa ubavu wake akamsukuma Nungunungu chumba cha nyuma. Desturi ya ngiri ni kuingia shimoni kinyumenyume ili pembe zitazame mlango. Huyu akaanza kutanguliza kichwa, apate kumchunga jirani yake. Nungunungu naye akalala miiba imesimama.

Mlango ukabaki bila mtu. Fisi, mlafi tangu kuzaliwa, akajitolea kuulinda kwa ajili ya amani.

Watoto wakaanza kupotea. Akipotea wa Ngiri, Fisi alimnong'oneza Ngiri habari za miiba. Akipotea wa Nungunungu, habari zilikuwa za pembe. Nungunungu alimchukia Ngiri hadi akakosa usingizi.

Alipobakiwa na mtoto mmoja, Fisi alikuja kumpa pole. Alizungumza kwa shida, kwani mwiba mdogo ulikuwa umemnasa kwenye ufizi. Nungunungu aliutambua kuwa wa mwanawe. Akamshukuru kwa kufika.

Fisi alipoondoka, Nungunungu akalaza miiba yake, akaenda kwa Ngiri, akamweleza alichokiona.

"Geuka, Bwana Ngiri, utazame mlango."

"Nikupe mgongo wewe?"

"Nimebakiwa na mmoja. Wewe je?"

Ngiri aliwahesabu wanawe. "Wawili," akasema. "Lakini shimo ni la bibi yangu."

"Ni langu. Tutagombana kesho."

Ngiri akageuka polepole, macho kayafumba, akingoja kuchomwa. Hakuchomwa. Nungunungu akaja kusimama ubavuni pake, akauelekezea mlango miiba yake yote.

Jioni Fisi akaingiza kichwa kama kawaida yake. Akakutana na pembe na miiba kwa mpigo mmoja.

Kesho yake waligombana kweli, kutwa nzima. Mwishowe chumba cha nyuma kikawa ghala, wote wakahamia mbele, na mlango ukawa haulindwi na mmoja peke yake.

Fisi bado huwaambia wapita njia kwamba wale wawili hawawezi kuishi pamoja. Husema kwa taabu, maana mdomo haujapona.