Kwa Nini Moto wa Maganda ni wa Buluu

Aliyenieleza habari hii ni mama mkwe wangu, Kokwijuka, tulipokuwa tukimenya ndizi za chakula cha jioni. Mtambo wa bayogesi, wa kutoa gesi ya kupikia kwenye maganda, ulikuwa umekwisha kujengwa nyuma ya nyumba, lakini mimi niliuogopa ule moto wake wa buluu.

Alisema, hapo kale Moto alivaa nguo nyekundu tu, na alikula vitu vikavu tu: kuni, nyasi na majani makavu ya migomba. Maganda ya ndizi walipomwomba wakae naye jikoni, aliwacheka mbele ya watu.

"Nyie mna maji tumboni," aliwaambia. "Mtaniambukiza mafua."

Maganda waliona aibu. Wakawachukua ndugu zao, mabua mabichi na majani ya maharage, wakaingia katika shimo nyuma ya nyumba, wakajifunika udongo na kununa. Walikaa humo wakivimba kwa hasira, na pumzi yao ikajaa shimo lote.

Kisha ikaja masika isiyokatika. Kuni zilioza, nyasi zikalowa, na Moto akafa nyumba hata nyumba. Mwanamke mmoja, Nyamwiza, alikuwa amejifungua siku hizo hizo. Mtoto wake alipoa mwili, hata akashindwa kunyonya. Nyamwiza akamfunga kifuani, akazunguka kijiji kizima kupalia moto, akapata kaa moja tu, nalo lilikuwa linafifia. Moto akajua kwamba likizimika hilo, yeye na mtoto wamekwisha.

"Nipeleke kwa Maganda," akasema kwa sauti ndogo.

Nyamwiza akaliweka kaa kwenye ufa wa shimo.

"Hodi," Moto akasema.

"Nani?"

"Ni mimi, Moto."

"Hee! Leo huogopi mafua, bwana mkubwa?"

Mtoto akalia kidogo, sauti haifiki mbali. Maganda walipomsikia, hasira ikawaisha.

"Karibu, kwa ajili ya huyo mtoto," wakasema. "Lakini hiyo nguo yako nyekundu iache huko huko, na moshi wako pia. Na sisi usituache na njaa."

Moto akavua nguo yake. Akasimama juu ya ufa, wa buluu, mtulivu, hana moshi. Nyamwiza akachemsha maji, akamkanda mwanawe. Akapika uji, akanywa, maziwa yakatoka, na mtoto akanyonya.

Na tangu siku hiyo, moto wa maganda ni wa buluu na hauna moshi, na Maganda hulishwa kabla mwenye nyumba hajala. Anayesahau kuwalisha huwasha njiti bure. Na shimo hufunikwa barabara, kwa maana Maganda bado wana haya.

Asubuhi iliyofuata nilikatakata maganda ya jana, nikayakoroga na maji kwenye ndoo, nikayamimina mtamboni. Kisha nikawasha jiko mwenyewe, nikampikia mwanangu uji. Mume wangu akauliza mbona nimekwenda na ndoo hata uso sijanawa. Nikamwambia walio chini huamkiwa kwanza.