Risasi Ishirini na Tano za Mjomba Lugendo

Risasi ya nguruwe haimjui njiwa. Jana mlimsikia babu yenu Yeremia akimwambia hivyo Sefania, aliyekuja hapa uani kututangazia kwamba anakodi trekta alimie matuta yake manne ya mchicha. Mlicheka, kisha mkanigeukia kuniuliza nguruwe na njiwa wanahusiana nini. Kaeni basi. Na wewe Tabitha endelea kupukuchua mahindi, masikio hayapukuchui. Methali hii haikutoka mbali. Nilikuwepo ilipozaliwa, na shuka langu ndilo lililotobolewa.

Mwaka huo nilikuwa nimerudi kwa mama kujifungua mtoto wangu wa kwanza, yaani baba yenu. Mama yangu, Ndemu, alikuwa mjane, na alikuwa na shamba moja tu, ekari tatu za alizeti chini ya mlima. Alitegemea alizeti hiyo kwa mafuta ya mwaka mzima na kwa mbegu ya msimu uliofuata. Mvua zilikuwa nzuri. Vichwa viliinama, vikaanza kukauka, zikabaki wiki tatu tuvune. Hapo ndipo njiwa pori walipokuja.

Njiwa si mwizi wa haraka. Anatua juu ya kichwa cha alizeti, anadonoa mbegu moja moja kwa adabu, na akiondoka anakuachia sahani tupu. Mimi na tumbo langu tulikaa shambani tangu asubuhi tukipiga debe. Siku mbili za kwanza waliruka. Siku ya tatu walikuwa wakinisikiliza tu.

Kijijini kulikuwa na bunduki moja ya marisau, na mwenye kibali chake alikuwa kaka yake mama, mjomba Lugendo. Marisau, kwa msiojua, ni zile chembe zinazojazwa pamoja ndani ya ganda moja la risasi. Ukifyatua zinatoka kwa mpigo na kutawanyika. Mjomba alikuwa ameua nguruwe pori saba waliokuwa wakitumalizia mihogo, na tangu hapo watu wakamwita Kiboko ya Nguruwe. Ukimsalimia kwa jina hilo alisahau alikokuwa akienda.

Kibali chake kilimruhusu kununua risasi ishirini na tano kwa mwaka, si moja zaidi. Mama alipomwomba msaada hakusita. Alipanda basi kwenda Dodoma mjini kuzinunua. Dukani aliwakuta wawindaji wawili, wanaume warefu wenye viatu vya ngozi, wakizungumzia nyati. Mwenye duka, mzee mpole wa miwani, akamwuliza kama alivyomwuliza kila mteja, "Unakwenda kupiga nini?"

Jibu lilikuwa neno moja. Lakini wale wawili walikuwa wamenyamaza wamsikilize, na mjomba akajiona amesimama mbele ya watu wa nyati akiomba risasi za njiwa.

"Nguruwe," akasema.

Akapewa za nguruwe. Ndani ya kila ganda chembe tisa, kila moja kubwa kama punje ya mbaazi. Njia nzima alijifariji kwamba kinachomwangusha nguruwe hakiwezi kushindwa na kindege. Alipofika hakumwambia mtu alichojibu dukani.

Asubuhi iliyofuata alijibanza pembeni mwa shamba, akangoja njiwa watue, akafyatua. Kishindo kilinipa maumivu ya tumbo, nikadhani siku zangu zimefika. Njiwa wote waliruka, wakazunguka mara moja, wakatua palepale. Hakukuanguka hata unyoya. Akapiga tena, wakaruka tena. Kwa siku nne alimaliza risasi kumi, akaangusha njiwa mmoja tu, asubuhi ya siku ya nne, na huyo kichwa chake hakikuonekana tena. Upande wa mlimani alizeti ilikuwa imekwisha. Mama aliacha kula mchana.

Risasi ileile iliyomwangusha yule mmoja ilileta balaa. Chembe yake nyingine ilivuka shamba na kwenda kutoboa sufuria ya jirani yetu Mbeleje, iliyoanikwa uchanjani zaidi ya hatua mia mbili. Mbeleje alikuwa ameinama kando yake, anasugua nyingine. Alikuja na sufuria mkononi, na nyuma yake mwenyekiti wa kitongoji, mzee Mahelela, na watu kama kumi.

Mahelela alikuwa mtu wa haki. Alizungumza taratibu. "Lugendo ndugu yangu, tumekuheshimu miaka mingi. Lakini njiwa wamejaa shamba zima nawe huwapati, na sasa unapiga sufuria za watu. Macho yamechoka. Bunduki hii kesho tuipeleke kituo cha polisi, ikae huko."

Nilimtazama mjomba. Nilitegemea akasirike. Aliinamisha kichwa tu, na mimi nikamwonea huruma, maana sikujua kwamba alikuwa akichagua. Kuitwa kipofu kulimwumiza kidogo kuliko kusema alichofanya.

Mama ndiye aliyekataa. "Kabla hamjayahukumu macho yake, tuiulize bunduki yenyewe," alisema. Akaingia ndani, akatoka na shuka langu jeupe, jipya, nililoliweka kwa ajili ya mtoto. Sikuulizwa. Wakalitundika kwenye miti miwili mbele ya kichuguu kikubwa, upande usio na nyumba, na mama akahesabu hatua thelathini na tano.

"Piga hilo, kaka. Shuka hata kipofu analiona."

Akapiga. Tukaenda kutazama. Shuka lilikuwa na matundu sita, moja huku, jingine kule, na chembe tatu hazikuligusa kabisa. Mama akamchukua yule njiwa asiye na kichwa, akamtandaza mabawa katikati ya matundu. Hakugusa tundu hata moja. Akamsogeza pengine, napo akaenea.

"Hapa analala mmoja," alisema, "na hapa mwingine na mkewe, wasijue kama kuna aliyepiga."

"Basi bunduki imeharibika," alisema Mahelela.

Mama alimpa kaka yake kisu na ungo, akamwomba apasue risasi moja. Chembe tisa zikadondoka kwenye ungo. Mama akazihesabu kwa kidole, kisha akamtazama kaka yake, na nadhani hapo alikwisha kujua.

"Kaka, hizi ni za nini?"

Mjomba alikaa chini. "Za nguruwe."

"Hawakuwa na nyingine?"

"Walikuwa nazo. Za njiwa zina chembe ndogo kama mtama, mia mbili, mia tatu katika ganda moja. Kwenye shuka hili zisingeacha nafasi ya kupita hata shomoro. Nilizijua tangu naingia dukani." Akauinamia ungo. "Mwenye duka aliniuliza. Niliona haya mbele ya watu."

Hakuna aliyecheka. Mbeleje aliiweka sufuria yake chini. Mama alikuwa na hasira, nayo ilisikika sautini.

"Nguruwe mmoja unamtaka apigwe kwa nguvu. Njiwa anataka asipate pa kupita. Risasi ya nguruwe haimjui njiwa, kaka, hata ikishikwa na wewe. Ungeniambia siku ya kwanza, upande wa mlimani ungekuwa bado una mbegu."

Zilikuwa zimebaki risasi kumi na tatu. Mzee Mahelela alikubali bunduki ibaki, ila kwa sharti zile zilizobaki zibadilishwe. Mama alisema atakwenda na kaka yake mjini, kwa sababu hakumwamini tena kwenda peke yake.

Dukani walimkuta mmoja wa wale wawindaji warefu amekaa kwenye kiti, anasoma gazeti. Mama alisimama mlangoni. Mwenye duka alizipokea zile risasi, akazikagua, akakubali kumbadilishia risasi kwa risasi, kisha akauliza swali lake lilelile.

"Unakwenda kupiga nini?"

Mama aliniambia kwamba mjomba alitoa jasho kama aliyebeba gunia. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika duka zima, "Njiwa. Mara ya kwanza nilikudanganya. Risasi ya nguruwe haimjui njiwa."

Yule mwindaji alishusha gazeti. Alimtazama mjomba, akamtazama mwenye duka, akakohoa. "Na mimi nipe pakiti moja ya hizo," alisema. "Mke wangu ana shamba la alizeti. Mwaka wa pili huu ananinunia."

Kwa hiyo methali hii, ingawa ilizaliwa shambani kwetu, ilitembea kwa miguu ya yule bwana. Yeye ndiye aliyeisema huko kwao, nasi tukaja kuisikia minadani kutoka kwa watu wasiomjua Lugendo wala Ndemu.

Risasi zile kumi na tatu zilifanya kazi. Mjomba alingoja kundi litue, na kila mlio uliacha chini wawili watatu, tukala mchuzi wa njiwa hadi nikauchukia. Siku ya tatu waliobaki walihamia mlimani. Tulivuna magunia tisa. Bila yule nguruwe wa dukani tungevuna kumi na matano. Mama alipata mafuta na mbegu. Baba yenu alizaliwa wiki moja baada ya mavuno, akafunikwa shuka lenye matundu sita.

Sasa turudi kwa Sefania. Jembe analo, na matuta manne anayamaliza kabla jua halijawa kali. Hayo anayajua kuliko nyinyi, kama mjomba alivyozijua risasi za njiwa. Msimwulize habari za mchicha. Mwulizeni, alipokuwa akilitaja hilo trekta hapa uani, alikuwa akimtazama nani.

Tabitha, mbona umeacha kupukuchua? Mwambie akija kwamba jembe linatosha. Risasi ya nguruwe haimjui njiwa.