Mbuzi wa Bi Mize na Hakimu Mpya

Hapo kale, kale ya kale, hata babu wa babu yangu hajaota jino, palikuwa na mji. Sogeeni. Na wewe toa kidole puani, kisa hakimo humo.

Watu wa mji ule walijichagulia hakimu. Wakamchagua Shekuwe kwa sauti yake nene. Basi, sauti tu! Desturi yao ilikuwa hakimu mpya akae mkekani kando ya hakimu mzee msimu mzima, kinywa kimejaa maji, asikilize tu. Shekuwe akang'aka, "Maji nitakunywa kwangu! Nimechaguliwa, nitajifunza nikiwa kitini."

Akakaa kitini barazani. Akaja Faki, amemshika mbuzi wa jirani yake, Bi Mize, naye Bi Mize mbio nyuma yake. Mbuzi yule, wanangu, ndiye aliyemnywesha maziwa mjukuu wa Bi Mize, kitoto yatima.

Faki akasema, "Huyu wangu, Bwana Hakimu."

"Mchukue!"

"Ala! Mimi sijasema!" akapiga kelele Bi Mize. "Nimemlea tangu mdogo!"

"Kumbe! Mrudishie!"

Faki akalia. Machozi ya uongo, lakini mengi.

"Maskini! Mchukue!"

Mbuzi huku, mbuzi kule. Huku, kule. Mpaka mbuzi mwenyewe akachoka, na hakimu akachoka zaidi. "Achinjwe, mgawane!"

Akachinjwa. Naona uchungu hadi leo.

Ndipo hakimu mzee, Mzee Ngwali, akauliza, "Mbona hukumfungua kamba? Angekwenda mwenyewe kwenye zizi alilolizoea."

Shekuwe akajipiga paja. "Lo! Leo nimejifunza kitu!"

"Umejifunza wewe," akasema Bi Mize, kamba tupu mkononi. "Mjukuu wangu anywe nini?"

Akaenda moja kwa moja hadi zizini kwa Shekuwe, akamfunga kamba mbuzi mwenye maziwa mengi kuliko wote, akamtoa. Shekuwe akamkimbilia, kanzu mkononi.

"Bi Mize! Huyo wangu!"

"Nishitaki, baba."

Shekuwe akageuka kutazama baraza. Akakitazama kile kiti. Akajiona amekikalia, na mbuzi wake huku, mbuzi wake kule.

"Nenda naye, mama," akasema. "Nenda tu."

Basi, wajukuu, anayejifunza kuhukumu akae mkekani kwanza, mbuzi wa watu awakute hai na awaache hai. Kisa changu kimefika kwao, nanyi nendeni kwenu.