Moin-moin ya Roho Tatu

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni rahisi kuisema methali hii mgeni anapobisha kwa jirani. Anapobisha kwako, nawe una mgonjwa ndani na chakula kimeharibika jikoni, ulimi huwa mzito. Uzoamaka alikuwa mtu mkarimu, lakini siku ninayoisimulia angefurahi sana kama wageni wote wa Abeokuta wangepotea njia.

Uzoamaka alizaliwa Enugu, akaolewa Abeokuta na Kolapo. Mume alikuwa safarini kikazi, na nyumbani alibaki yeye na baba mkwe wake, Mzee Adisa. Mzee alikuwa ametoka hospitali karibuni. Homa ilikuwa imekwisha, lakini iliondoka na hamu yake ya kula. Akiletewa uji, aliusukuma. Akiletewa supu, aligeukia ukutani. Daktari hakuwaficha: asipokula atalazwa tena, na safari hii hawezi kuwaahidi kitu. Asubuhi hiyo mzee alifumbua kinywa mwenyewe na kutaja chakula kimoja tu, kile cha kunde zilizosagwa na kupikwa kwa mvuke.

"Moin-moin," alisema. "Ya kwenye majani, si ya kopo. Kama aliyokuwa akipika marehemu mke wangu."

Uzoamaka alikaribia kucheza kwa furaha. Aliloweka kunde zote zilizokuwa ndani, akazimenya maganda, akazisaga kwa mashine pamoja na vitunguu na pilipili kabla umeme haujakatika. Mpaka hapo mambo yalikwenda vizuri. Kumbe mazoea yana taabu. Kwao Enugu hupikwa okpa ya njugu mawe, nayo na moin-moin hufanana kama ndugu wa baba mmoja. Ila rojo la okpa hutiwa maji mengi hadi liwe jepesi kama maziwa, na bado huganda. Mkono wake ulifuata ulichokizoea tangu utotoni. Alipokunja jani la kwanza na kulijaza, rojo lote lilipita chini likammwagikia miguuni. La pili likafanya vilevile. Kunde nyingine hazikuwepo.

Ndipo sauti ikasikika uani.

"Hodi! Wenyewe mpo au mmehama?"

Alikuwa Shangazi Abeni, dada yake Mzee Adisa, mfuko kichwani. Ni huyuhuyu aliyesema mbele ya watu siku ya harusi kwamba binti wa mbali hatalijua jiko lao. Uzoamaka alipiga magoti kumwamkia, na magoti yakatua kwenye rojo.

Shangazi alichungulia bakuli. "Mke wetu, hii nini? Unataka kumwogesha mtu?"

"Ni moin-moin ya Baba, Shangazi."

"Hii hailiwi. Hii mtu anaogelea!" Shangazi alicheka.

"Nicheke tu," Uzoamaka alisema, machozi yakimlengalenga. "Nimetia maji ya okpa. Na kunde zimekwisha, na Baba ameomba chakula leo tu."

Kicheko kilikatika. "Kaka yangu ameomba? Kwa kinywa chake?"

"Asubuhi hii."

Bibi yule aliketi kwenye kigoda, akafungua mfuko wake. Ulijaa kunde za shambani kwake. "Nilileta nikidhani nitakukuta unamlisha tambi," alisema. "Futa machozi. Rojo lako halijafa. Tutasaga hizi bila tone la maji, tuchanganye, litashikamana."

"Umeme umekatika."

"Na jiwe la marehemu nalo limekatika?"

Jiwe la kusagia lilikuwa nyuma ya nyumba, halijaguswa tangu mwenyewe afariki. Kunde zilipolainika na kumenywa, Uzoamaka alilisafisha jiwe akaanza kusaga. Shangazi hakuweza kumsaidia, maana vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa ugonjwa wa viungo.

"Vidole vimestaafu," alisema, "lakini mdomo bado uko kazini. Bonyeza! Jiwe haliumwi!"

Rojo liliposhikamana, walikaa na majani. "Kunja kama pembe. Sasa kitako kipinde kwa nyuma, ukishike. Mimina. Unaona? Hata tone." Uzoamaka aliangalia jani lililojaa mkononi mwake kama mtu aliyepewa mtoto ampakate.

"Shangazi, uliwahi kusema sitalijua jiko lenu."

"Nilisema. Nilimwogopea kaka yangu. Nilidhani hutamvumilia mzee mkaidi vile." Akamsogezea jani jingine. "Watoto aliowazaa ni wengi. Leo yupo nani hapa? Ni wewe. Asante, mwanangu."

Walipanga vijiti vya majani chini ndani ya sufuria, wakaweka vifurushi juu, wakafunika. Hapo mlango wa ndani ulifunguka. Mzee Adisa alikuwa amesimama, ameshika ukuta. Hakuwa ametoka chumbani tangu arudi hospitali.

"Nimesikia jiwe," alisema. "Nani alikuwa anasaga?"

"Mke wetu," Shangazi alijibu.

Mzee alimtazama Uzoamaka, kisha akaketi papo hapo jikoni, akangoja. Moin-moin ilipoiva na jani likafunuliwa, mvuke ulimpanda usoni. Akauliza swali linaloulizwa kila nyumba ya huko: "Ya roho ngapi?"

Uzoamaka aliinama. Mayai, samaki, kamba, kila kinachofichwa ndani ya moin-moin huhesabiwa roho, na ya sherehe huwa na roho saba. "Nisamehe, Baba. Haina hata moja. Sikuwa na yai wala samaki."

"Usimsikilize huyo," Shangazi alidakia. "Ina tatu. Ya huyu aliyesaga, yangu mimi niliyepiga kelele, na yako wewe utakayekula."

Mzee alicheka. Kicheko kilikuwa chembamba, lakini kilikuwa chake. Akamega, akatafuna polepole, akameza. Akamega tena. Alipomaliza alisukuma jani tupu mbele, akasema, "Funua nyingine."

Uzoamaka aliishika mikono iliyopinda ya Shangazi, akailowesha kwa machozi. "Mungu akubariki, Shangazi. Kaa nasi. Usiondoke kesho."

"Nani kakwambia naondoka kesho? Umeuona ukubwa wa mfuko wangu?"

Hata Mzee Adisa alicheka tena, mdomo umejaa. Naam, mgeni alikuja, na mwenyeji akapona.