Nyegere, Mwonja Asali

Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni motoni, ila msinibane sana. Kitambi changu nacho kinataka nafasi yake.

Hapo zamani za kale, wanyama na watu walipokuwa bado wanasalimiana njiani, palikuwa na kijiji cha warina asali katikati ya msitu wa miombo. Mizinga ilining'inia mti hadi mti. Na hapakuwa na asali iliyoliwa, iliyouzwa wala iliyopelekwa kwa wakwe kabla Nyegere hajaionja. Ndiyo ilikuwa desturi. Mwenye nyumba anamjazia kata, Nyegere anaibugia mpaka tone la mwisho, anajifuta mdomo, anatangaza: "Hii ni asali! Hii ni asali! Hii ni asali!" Asipotangaza, nyumba hiyo imeaibika mwaka mzima.

Kazi tamu hiyo. Hata mimi ningeiomba.

Basi mwaka mmoja Nyegere akashikwa na kiu. Anakunywa maji, anakojoa, anakunywa tena. Nguvu hana, na macho yanaona ukungu mchana kweupe. Asubuhi moja, akiwa nyuma ya kichaka anajisaidia, akasikia sauti huko chini.

"Ahsante, babu!" Walikuwa sisimizi, msafara mzima. "Mungu akuzidishie. Siku hizi hatuendi mbali kutafuta riziki."

"Nyie watoto hamna adabu! Mkojo nao ni riziki?"

"Wako ni mtamu, babu. Usitubanie."

Nyegere akachoka mwili na roho. Akajikokota mpaka kwa Bi Nungu, mganga wa kijiji, ambaye hakuwa na subira na mtu.

"Kaa. Lete mguu." Bi Nungu akaugeuza unyayo, akachomoa mwiba mrefu kama sindano ya kushonea magunia. "Huu umekaa humu tangu lini?"

"Mwiba gani?"

Hapo Bi Nungu akaacha ukali. Akamtazama usoni. "Kaka, huo ni ugonjwa wa sukari. Umeanza kuua hisia za miguu yako. Ukiuachia, mguu wenyewe utaondoka."

"Nipe dawa nipone."

"Dawa nitakupa, na utaimeza kila siku. Kupona sikuahidi. Huyu ni mgeni asiyeaga. Utaishi naye, ila wewe ndiye utakayempangia pa kulala. Kula mboga na maharage, ugali kiasi. Tembea kila asubuhi. Kagua nyayo zako kila jioni. Na asali uache."

"Niache asali? Mimi?"

"Basi chagua: asali au mguu."

Nyegere hakumwambia mtu. Mwonja asali mwenye ugonjwa wa sukari! Si wangemcheka mpaka kuku? Akawa anatembea alfajiri, akiulizwa anasema anakagua mizinga. Akawa anakula mlenda huku amefumba macho, kama mtoto anayenyweshwa dawa. Taratibu kiu ikapungua, ukungu ukaondoka machoni, na sisimizi wakahama kwa matusi: "Bahili! Bahili! Bahili mkubwa!"

Nyegere akafurahi. "Nimepona," akajiambia. Akaiacha dawa.

Msimu wa kurina ukafika. Nyumba ya kwanza wakamjazia kata. "Moja tu, babu. Itakufanya nini?" Akanywa. Nyumba ya pili: "Moja tu, babu. Itakufanya nini?" Akanywa. Nyumba ya tatu: "Moja tu, babu. Itakufanya nini?" Akanywa, akatangaza, akaanguka.

Alipozinduka, kidole cha mguu kilikuwa na kidonda, na Bi Nungu alikuwa amekaa pembeni, hoi.

"Mguu wako nimeukuta mlangoni unaondoka," akasema, "nikaurudisha. Safari ijayo siukimbilii. Sina uwezo huo."

Kidonda kilichukua muda mrefu kufunga. Kilikuwa ndiyo kwanza kimefunga, Nyamizi alipomwita. Mama huyu hakuna aliyemshinda kwa mizinga, na asali ile ilikuwa ya kupeleka kwa wakwe wa binti yake. Kijiji kizima kilikusanyika. Kata ikaletwa, imejaa pomoni.

"Karibu, babu. Wakwe wanasubiri."

Nyegere akaishika kata. Asiponywa, anamwaibisha Nyamizi na kuivuruga ndoa ya mtoto. Akinywa, mguu. Akaitazama ile asali kwa muda, kisha akaiweka chini.

"Sinywi, mwanangu. Nina ugonjwa wa sukari."

Nyamizi akawaka. "Kwa nyumba nyingine umekunywa! Kwangu ndiyo umeumwa? Unataka wakwe waseme nimewapelekea uchafu?"

"Subiri kwanza."

Nyegere akaokota kijiti, akakichovya, akakiinua juu. Asali ikashuka kama uzi, bila kukatika. Akainusa, akafumba macho. "Hii ni ya maua ya miombo. Imerinwa masega yakiwa yameshafunikwa nta. Haina tone la maji. Hii ni asali! Hii ni asali! Hii ni asali!"

Nyamizi akashangaa. "Yote ni kweli. Umejuaje bila kumeza?"

"Miaka yote nilikuwa najua kabla sijameza."

"Sasa zile kata ulizokuwa unabugia?"

Nyegere akainamisha kichwa. "Uroho tu, mwanangu."

Nyamizi akajaribu kununa, akashindwa. Akacheka mpaka akakaa chini, na kijiji kizima kikacheka naye. "Kumbe ulikuwa unatumalizia asali yetu bure!"

Tangu siku hiyo asali ikawa inapimwa kwa kijiti. Nyegere hakupona. Dawa aliimeza, mlenda aliula, na zipo siku harufu ya masega ilimliza kabisa.

Lakini jioni ya siku ile ya kijiti, kabla hajaondoka, Nyamizi alimuuliza, "Babu, nikuitie punda akubebe?"

"Mwache punda apumzike," akasema Nyegere. Akashika njia, akaweka mguu mbele, akaweka na wa pili, yote miwili bado yake, akafika nyumbani.

Nami hadithi yangu imetua hapo hapo, mlangoni kwake.